Bukini wa Alfajiri

Jina la Bi Manyoya hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wanawake wa sokoni, kwa sababu hakuna siku aliyopita mbele yao bila unyoya mahali fulani: kichwani, mgongoni, siku nyingine umenasa kwenye nyusi. Wakimwambia, "Dada, una unyoya," hujibu, "Uacheni, nao unatafuta pa kukaa."

Kazi yake ilikuwa kunyonyoa mabata bukini na kushona mito. Mumewe ndiye aliyewawinda. Nyumba yao ya vyumba viwili na ua iliendeshwa hivyo miaka yote, mmoja anaua, mwingine ananyonyoa. Watoto walikwisha kuoa na kuolewa, wakaenda zao. Wa tatu ndani ya nyumba alikuwa shemeji, ndugu mdogo wa mume, aliyefiwa na mke, akahamia chumba cha uani, na akawa anakula kama mtu anayesafiri kesho.

Mume watu walimwita Shabaha. Hakujiita mwenyewe, ila jina hilo alilipenda kuliko koti lake. Walisema ukimwonyesha nzi ukutani atakuuliza unataka ampige bawa gani.

Uwindaji wao ulikuwa hivi. Kaka mtu hujificha nyuma ya tuta lililozuia maji ya ziwa, na bunduki yake ya marisau, vile vipunje vya risasi. Mdogo mtu huingia katika matete, mbele ya kaka yake, maji yakimfika magotini, akawaita bukini. Hakuwa na filimbi wala pembe. Aliwaita kwa koo lake, na bukini wa angani waliteremka kuja kumsalimia ndugu yao. Hata Bi Manyoya, aliyewashika bukini kuliko alivyowashika wanawe, hakuweza kutofautisha. Wakishateremka, kaka mtu husimama na kupiga juu, marisau yakapita mbali kabisa na kichwa cha mdogo wake.

Na saa yao ilikuwa jioni. Hiyo ilikuwa sheria ya Shabaha, na vijana waliokuja kumuuliza aliwasomesha bila kuombwa mara mbili.

"Bukini wa alfajiri ana njaa," aliwaambia, "na mwenye njaa ana macho manne. Mchana wamelala katikati ya maji, humfikii hata ukiota mbawa. Msubiri jioni, anarudi kutoka mashambani na tumbo limejaa. Aliyeshiba ni mjinga. Na jua liko nyuma yake, unamwona mpaka kucha."

Basi msimu ule, bila kumwambia mtu kwa nini, Shabaha akaanza kwenda alfajiri.

"Kulikoni?" Bi Manyoya alimuuliza.

"Bukini wa alfajiri ana njaa. Mwenye njaa hana akili."

"Zamani ulisema mwenye njaa ana macho manne."

"Zamani nilikuwa kijana. Mimina chai."

Alimimina chai. Shabaha akanyoosha mkono kuchukua kikombe, na mkono ukapita pembeni yake, ukapapasa meza mpaka ukakikuta. Bi Manyoya aliona. Alidhani ni usingizi.

Lakini jicho likishaona kitu kimoja huanza kuona vya pili. Kwanza yalikuwa marisau. Alipokuwa akinyonyoa, alizoea kuyatoa nyamani kwa ukucha na kuyatupa kwenye kopo ili yatumike tena. Miaka yote yalikuwa shingoni na kichwani. Sasa aliyakuta mkiani, kwenye vidole vya miguu, kwenye ncha ya bawa, kama bukini wamepigwa na mtu anayetupa mchele. Kisha siku moja, ndani ya gunia, chini ya bukini wawili, akamkuta korongo.

"Na huyu?"

"Bukini huyo," alisema Shabaha.

"Bukini mwenye miguu kama ngazi ya fundi rangi?"

Shemeji alicheka mpaka chai ikamtoka puani. "Shemeji, kaka alimhurumia tu. Alikuwa mwembamba mno, akaona bora ampumzishe."

"Alijipitisha," alisema Shabaha. "Ndege akijipitisha mimi nifanye nini, nimuulize kabila?"

Wote walicheka, na Bi Manyoya pia alicheka. Ila vidole vyake viliacha kunyonyoa.

Na siku ya tatu baada ya korongo, Shabaha aliingia kutoka uani, akasimama mbele ya koti lake kuukuu lililoning'inia kwenye msumari wa mlango, akaliambia, "Mdogo wangu, umeamka salama?"  Kisha akalipangusa vumbi kwa kiganja, polepole, kama kwamba hilo ndilo lililompeleka pale.

Bi Manyoya alikuwa nyuma ya pazia la jiko, bukini mapajani, mkono umezama ndani ya manyoya. Hapo ndipo mambo yalipompangikia kichwani. Jioni kila mtu anaona, na asiyeona hujulikana. Alfajiri ukungu umelala juu ya maji, wenye macho na wasio na macho wote ni sawa, wote hupiga kwa sikio. Mumewe hakuchagua saa ya bukini. Alichagua saa ya kujificha.

Wazo la pili lilikuja nyuma yake, nalo lilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Kama anapiga kwa sikio, kule kwenye matete anayelia kama bukini ni nani?

Ndege alimteleza mapajani akaanguka sakafuni.

Mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Lakini kilio hicho kingekuwa cha nani? Jioni ile, Shabaha akiwa anaosha miguu kwenye beseni, Bi Manyoya alikaa mbele yake akamwambia wazi.

"Macho yako yameharibika."

"Yangu?"

"Kwani tuko wangapi hapa?"

"Macho yangu yanaona mpaka dhambi zako."

"Haya, nimeshika nini?"

Shabaha alitazama kuelekea mkononi mwake, muda mrefu kidogo kupita kiasi. "Ubishi," alisema. "Umeshika ubishi, kama siku zote." Akakausha miguu, akaenda kulala, na mgongo wake ulisema kwamba maneno yamekwisha.

Kesho yake Bi Manyoya alimwendea shemeji uani. Shemeji alikuwa anashona kiatu.

"Shemeji, usiende tena na kaka yako alfajiri."

"Kwa nini?"

"Haoni."

Shemeji alicheka, akaona yeye hacheki, akajaribu kucheka tena lakini kidogo. "Shemeji yangu, kaka alinifundisha kutembea. Kaka haoni? Kaka anaona kesho. Na nikimwacha, wewe ndiye utamwambia kwamba nimemwacha kwa sababu ni kipofu? Maana mimi simwambii."

Bi Manyoya naye hakuweza kumwambia mumewe mbele ya watu. Mtu ambaye mtaa mzima unamwita Shabaha, ukimvua jina hilo utambakishia nini? Kumficha bunduki? Angeikuta kwa kupapasa tu. Kuwaita wazee wa mtaa? Angekufa kwa aibu kabla hawajamaliza kuvua viatu.

Usiku hakulala. Kila shemeji alipokohoa uani, yeye alishukuru.

Sasa, katika nyumba ile risasi zilijazwa nyumbani, mezani, kwa maganda ya shaba yaliyotumika tena na tena. Shabaha humimina baruti kwa kijiko cha mfupa, maana kazi ya baruti hakumwachia mtu. Mke hushindilia kitambaa, hutia marisau, halafu hufunga mdomo kwa nta ya mshumaa. Kazi ya kumaliza ilikuwa ya mke. Jambo hilo lilimjia mchana mmoja, Shabaha alipokuwa amekwenda kunyolewa, na jinsi lilivyomjia lilimtia hofu yeye mwenyewe.

Alifunga mlango. Akachukua mkanda wa risasi ukutani, akakaa mezani, akaanza kufungua nta moja baada ya nyingine kwa ncha ya kisu. Marisau aliyamwaga kwenye kopo kwa haraka hata kopo likawa linalia kama kengele ya mbuzi. Mahali pake akashindilia vinyoya laini vya kifuani mwa bukini, vile anavyotilia kwenye mito ya wenye uwezo. Alipopima ganda moja kiganjani akaona ni jepesi mno, akachanganya na pumba. Kisha akarudisha nta, akailainisha kwa kidole gumba. Alipomaliza la mwisho alisikia hatua mlangoni, akaruka kuurudisha mkanda ukutani.

"Mbona umefunga?" aliuliza Shabaha.

"Kuku wa jirani."

"Na mbona unahema?"

"Nilimfukuza."

Shabaha alisimama na kichwa chake kipya kilichonyolewa, akielekeza sikio kwake badala ya jicho. Alizoea kufanya hivyo siku hizi. 

Alfajiri iliyofuata ukungu ulikuwa mzito hata taa ya jirani haikuonekana. Shabaha alivaa mkanda kiunoni, akachomoa risasi moja, akaipima kiganjani. Bi Manyoya alikitazama kiganja hicho.

"Leo zimekonda hizi."

"Wewe ndiye umenenepa."

Shemeji, aliyekuwa mlangoni akila kiporo kwa mkono mmoja na kuvaa viatu kwa mwingine, aliguna kwa kicheko. Shabaha aliirudisha risasi mkandani. Wakatoka. Shemeji alikuwa amevaa kofia ya sufu nyeupe aliyofumiwa na Bi Manyoya mwenyewe, yenye kifundo juu. Mlango ukajifunga, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya korongo mwanamke huyu alikaa kitandani, akaegemea mto wake mwenyewe na kusema moyoni, waende wakapige manyoya yao.

Alipoinuka kuwasha jiko alipita mlangoni, na macho yake yakaangukia msumari.

Msumari ulikuwa mtupu.

Koti lake jipya, la kuvaa kila alfajiri, lilikuwa limebaki kitini. Mumewe alichukua lile kuukuu, lile zito, kwa ajili ya baridi. Na katika mfuko wa koti lile, tangu ujana wake, Shabaha aliweka risasi mbili za akiba. Bi Manyoya alijua. Wiki ile ile alikuwa ameliziba tundu la mfuko huo kwa sindano, akazitoa hizo risasi mbili, akaziweka mezani, akashona, akazirudisha kwa mkono wake huu huu. Na mchana ule alipokuwa akibadilisha za mkanda, hazikumjia kichwani hata kidogo.

Hakuvaa viatu. Alijitupia shuka mabegani akatoka.

Mtaa ulikuwa umelala, milango ya maduka imefungwa, mbwa wa fundi cherehani akabweka mara moja akaona ni yeye. Alipita kiwanda cha matofali, akashika njia ya ziwani, na hapo ukungu ukammeza. Aliiona miguu yake tu. Aliifahamu njia, lakini njia unayoifahamu usipoiona huwa ndefu. Mawe yalimkata, hakuyasikia. Alisikia moyo wake, na mbele ya moyo wake akasikia bukini.

Alilia mmoja, karibu na maji. Akanyamaza. Akalia tena, ile sauti nzito ya kuita wenzake. Bi Manyoya alisimama. Je, ni ndege, au ni shemeji? Miaka yote alijivunia kwamba huyu shemeji hana mfano, na sasa akamlaani kwa ufundi wake.

Angepiga kelele. Alifungua mdomo, akaufunga. Mumewe anapiga kwa sikio. Sauti yoyote ndani ya ukungu huu ni ndege. Akipiga kelele huenda mtutu ukageukia kwake. Asipopiga, uko kwa shemeji. Alisimama hapo na mkono mdomoni, na huo ndio wakati aliozeeka.

Bunduki ililia.

Aliinama mpaka goti likagusa tope. Ikalia mara ya pili. Hizo za mkanda, alijiambia. Ni za mkanda, lazima ziwe za mkanda. Alisikiliza kama atasikia mtu akilia. Alisikia bukini. Yule yule, mahali pale pale, akiita. Kisha, karibu zaidi kuliko alivyodhani, upande wa tuta, akamsikia mumewe akinong'ona kwa hasira.

"Marisau gani haya! Nimempata, nimempata kabisa, na bado yumo!"

Bunduki ikafunguliwa. Ganda likaanguka juu ya jiwe, na la pili. Halafu ukimya, halafu mchakacho wa kitambaa kizito. Mkono ulikuwa unaingia mfukoni.

Bi Manyoya alipanda tuta kwa mikono na magoti. Harufu ya baruti ilimpokea, kisha harufu ya koti. Kikaonekana kivuli, kisha mgongo. Alikuwa amechuchumaa, risasi ya kwanza imekwisha ingia, ya pili i kwenye vidole. Akaitia. Bunduki ikafungwa, tak. Akaiinua begani, akaielekeza kwenye matete, akatulia kama alivyokuwa akitulia enzi zake, na utulivu huo ndio uliomtisha mwanamke kuliko kelele zote.

Kumshika? Ingelia. Kumpigia kelele? Ingelia.  Akasema kwa sauti ile ya kila siku, ile ya jikoni, isiyo na haraka:

"Wewe. Chai inapoa."

Mabega ya Shabaha yalishtuka. Akageuka, na bunduki ikageuka naye, mpaka mdomo wa mtutu ukawa unatazama kifua cha mkewe, umbali wa mkono. Naye akamtazama uso kwa uso. Hakumwona; kwake mkewe alikuwa giza ndani ya ukungu. Bi Manyoya aliyaona macho hayo yakimtafuta kushoto, kulia, juu ya kichwa chake.

"Uko wapi?" alisema Shabaha.

"Nipo hapa. Shusha hiyo."

"Umefuata nini huku? Nyamaza, utamrusha. Yuko pale, mkubwa, amekaa."

"Nani amekaa?"

"Bukini. Huoni? Mweupe pale, kichwa kinainuka na kuinama." Sauti yake ilijaa fahari, ilitaka kusifiwa. "Halafu unasema sioni."

Bi Manyoya alitazama. Upepo mdogo ulikuwa umeanza kuukwangua ukungu juu ya maji, na katikati ya matete palikuwa na kitu cheupe, kikubwa kama bukini, kikiinuka na kuinama. Juu yake palikuwa na kifundo.

"Mtazame vizuri," alisema. 

Na yule bukini akageuza kichwa, akasema, "Kaka! Wameshapita? Maji yamenifika pabaya!"

 Shabaha alibaki na bunduki mikononi, mdomo wazi. Kisha akaketi palepale kwenye tope, si kama mtu anayekaa, kama gunia linaloachiwa. Akaifungua bunduki kwa kupapasa, akazitoa risasi mbili. Akazipima kiganjani, moja moja. Hizi zilikuwa nzito. Akatoa na moja ya mkanda akaipima pia, akaitia jino kwenye nta, akaibandua, akatia kidole ndani. Kidole kilitoka na unyoya.

Aliusugua kati ya kidole na kidole muda mrefu.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu jana."

"Siulizi hizi. Nauliza umejua tangu lini."

"Tangu korongo."

Aliinamisha kichwa. Bi Manyoya alifikiri angemtukana, na angependelea matusi. Badala yake alinyoosha mkono na zile risasi mbili, akazishikilia hewani mahali alipodhani mkono wa mkewe upo. Haukuwapo. Mkewe aliusogeza wake chini ya ule wa mumewe, akazipokea.

Shemeji alitoka kwenye matete akitetemeka, vinyoya vimemganda kwenye kofia na mabegani. "Bukini wa leo wanajinyonyoa wenyewe angani!" alisema. "Shemeji? Umekuja kuniletea kiporo?" Kisha akamwona kaka yake kwenye tope, na bunduki iliyofunguliwa, na miguu ya shemeji yake ikitoka damu. Akapitisha mkono kifuani, akatazama vinyoya vilivyobaki kiganjani. Mzaha uliokuwa njiani haukufika.

 Shabaha alisimama mwenyewe, akasimama vibaya, akielekea majini. Kumshika mkono mbele ya ndugu yake kungekuwa kumzika. Basi Bi Manyoya alitangulia mbele yake na kuanza kugomba. Aligomba juu ya koti lililojaa tope, juu ya chai, juu ya wanaume wanaotoka bila kufunga mlango, juu ya jiwe hili la kushoto linalokata watu miguu, na shimo hili hapa mbele, nani alilichimba, na tawi hili la kuinamia, ovyo kabisa. Njia nzima hakunyamaza, na mumewe alifuata sauti ile hatua kwa hatua, bila kujikwaa hata mara moja. Shemeji alitembea nyuma, kofia mkononi.

Walipofika kiwanda cha matofali ndipo Shabaha aliposema, "Mdogo wangu."

"Naam, kaka."

"Kesho tutakwenda jioni. Jioni ndiyo saa yake, nilisema tangu zamani. Utapiga wewe."

"Mimi? Na nani ataita?"

"Mimi. Sikio ninalo." Alijifunga koti vizuri. "Ila piga juu. Na usipige kabla hujaona kucha."

Ndivyo ilivyokuwa. Mtaa uliambiwa kwamba Shabaha amechoka kupiga, anamfundisha mdogo wake, na mtaa ukakubali. Shemeji hapigi vizuri, na bukini wanaofika kwa Bi Manyoya ni wachache, marisau yametapakaa kila mahali. Yeye huyatoa na kuyatia koponi. Kila jioni jua likielekea kushuka huacha kunyonyoa, huketi kizingitini na kutega sikio kuelekea ziwani. Bunduki ikilia, hubana mto alioushika. Halafu husubiri ukungu wa moshi upite, na husubiri, mpaka kutoka huko mbali, ndani ya matete, bukini mmoja mzee aite tena, kwa sauti mbaya ambayo haiwezi kumdanganya ndege yeyote.